Mwaka Nilipombebea Mume Wangu Fimbo

Juma lililopita tulimzika mume wangu Uyole, na kabla udongo haujakauka kijana mmoja aliyeshika kofia ya gofu mkononi alisimama mbele ya watu akasema uongo. Alisema marehemu Ambilikile alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Nyanda za Juu kuwashinda Wazungu katika gofu, kwamba alitwaa kikombe, kwamba gavana alimshika mkono. Watu wakapiga makofi msibani. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nimejitanda, na mjane hainuki kumsahihisha mtoto wa watu, kwa hiyo nikanyamaza. Kijana yule simlaumu sana, hakuwa amezaliwa. Ninaowalaumu ni wazee waliokaa nyuma yake wakitikisa vichwa kukubali, ambao walikuwepo siku ile na wanajua. Ambilikile hakutwaa kikombe chochote. Gavana hakumwona, na kama angemwona angemwagiza maji. Mtu ameishi hadi uzee wake bila kusema uongo, halafu wanamsindikiza kwa uongo na kudhani wamemheshimu. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini mwaka ule naukumbuka vizuri, na nitausema ulivyokuwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa dobi wa klabu ya Wazungu pale Mbeya, chini ya mlima Loleza. Ukiwasikia watu wa mjini wakiitaja klabu ile ungedhani ni ikulu. Mimi niliyeingia humo kuchukua vitambaa vya meza naweza kusema ilikuwaje: ilinuka mbwa. Ukutani kulikuwa na vichwa vya pofu na kongoni vilivyoliwa na nondo, vikidondosha manyoya kwenye supu. Nyama waliichemsha mpaka ikawa kijivu, viazi vikawa uji, kisha wakavaa tai na kuvila kwa visu vitatu. Na huo mchezo wao, walioita mchezo wa waungwana, ulinuka gereji. Penye mashimo, pale mpira unapotumbukizwa, hakukuwa na majani kama ninavyoona siku hizi kwenye televisheni ya mjukuu wangu. Kulikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Oili ile ilipanda kwenye viatu vyao, kutoka viatuni kwenye taulo, kutoka taulo kwenye mikono yangu. Nilikuwa nikirudi nyumbani mume wangu ananiuliza kama nimeolewa naye au na dereva wa lori.

Ambilikile alikuwa kedi, mbeba fimbo za Wazungu, mtu mzima mwenye ndevu ambaye bado walimwita boi. Jumatatu klabu ilipofungwa alicheza mwenyewe, kwa fimbo zilizovunjika alizozifunga kwa waya. Sitasema alikuwa bingwa. Alikuwa mzuri, na alikuwa mzuri kuliko karibu wote aliowabebea. Bwana shauri mmoja kijana, ofisa wa serikali aliyetoka Ulaya karibuni na hakuwa amefundishwa bado kuwa mjinga, alimwona Jumatatu moja akasema Ambilikile aingizwe katika shindano la klabu. Mwenyekiti wa klabu alikuwa mwenye shamba la kahawa huko Mbozi. Makedi walimwita Bwana Mapafu, kwa sababu alizoea kusema na mtu aliye mbele yake kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Mapafu hakutaka kusema hapana kwa sababu ya rangi, maana Bwana shauri angeona vibaya. Akatafuta sheria. Nilikuwa naanika vitambaa nyuma ya veranda nikamsikia.

"Wewe nalipwa kwa kazi ya gofu, ndiyo?"

"Ndiyo, Bwana. Nalipwa na klabu."

"Basi. Mtu nalipwa, yeye mchezaji wa kulipwa. Sheria nasema mchezaji wa kulipwa hapana cheza na mabwana. Si mimi nasema. Sheria."

Bwana shauri kijana akaangalia viatu vyake. Ndivyo walivyomtoa, kwa kumpandisha cheo. Usiku huo tulikula mbalaga, ndizi zetu za kupika, na Ambilikile alitafuna taratibu kuliko kawaida. "Tupo," akaniambia, maana jina langu ni Tupokigwe, "mimi ni mchezaji wa kulipwa." Nikamwambia ale ndizi zipoe tumboni kwake na siyo kwenye sahani.

Miezi ilipita, ukaja wakati wa baridi. Tangazo likabandikwa ukutani pa klabu: mashindano ya wachezaji wa kulipwa, siku moja Iringa na Jumamosi ifuatayo Mbeya. Watakuja watu kutoka Rhodesia, Kenya na Afrika Kusini. Tangazo lilisema mchezaji yeyote wa kulipwa aliye Tanganyika anakaribishwa. Walioliandika walikuwa wakiwaza watu wa aina moja tu, na hawakuona haja ya kutaja rangi yao. Ambilikile alivaa shati lililopigwa pasi akaenda kusimama chini ya veranda saa ya chai, wote wamejaa.

"Nimekuja kujiandikisha, Bwana."

"Kwa nini?"

"Kwa mashindano. Bwana mwenyewe alisema mimi mchezaji wa kulipwa. Sheria ilisema."

Nakumbuka kijiko kimoja kilivyoanguka kwenye kisahani. Bwana shauri kijana akacheka, na kicheko chake ndicho kilichomfunga Mapafu, maana mbele ya mashahidi angekuwa mtu mwenye sheria mbili. Naye mtu wa namna ile akishindwa hujitia mchekeshaji. Akasimama, akapaza sauti: klabu ya Iringa inatafuta mwalimu wa gofu, kuna kazi na kuna nyumba. "Kama wewe maliza mashindano na hapana kuwa mwisho, kazi ya Iringa yako. Nyumba yako. Kama wewe mwisho, wewe rudi beba fimbo na funga mdomo." Veranda nzima ikacheka na kugonga glasi. Waliona ni mzaha mzuri. Mume wangu alisema, "Nimesikia, Bwana," na mimi nyuma ya vitambaa nilisikia neno nyumba tu. Tuliishi chumba kimoja nyuma ya ghala la Mhindi wa nafaka, panya wakipita juu ya blanketi. Tangu saa ile niliitaka nyumba ile kwa roho mbaya kabisa.

Mapafu akaongeza sharti: mchezaji wa kulipwa lazima awe na kedi wa kumbebea, asiye na kedi hachezi. Tulidhani hilo ni jambo dogo. Ambilikile akaenda kwa wenzake waliokaa kwenye benchi lao karibu na jiko, akaomba mmoja. Mnyapara wao alikuwa Lugano, Mnyakyusa mwenzetu, mtu wa kijiji jirani na cha mume wangu, aliyekula kwetu mara nyingi.

"Nikubebee wewe?" Lugano akasema. "Mzungu akiniita nyani, kaniita Mzungu. Wewe ukiniambia nipe fimbo, mimi nitaishi wapi?"

"Siku mbili tu, ndugu yangu."

"Kesho mke wako naye ataanza kucheza. Nimbebee na yeye?"

Wakacheka wote benchi zima. Walikuwa wamebeba mizigo ya walevi, ya vijana wasio na ndevu, ya bibi mmoja aliyewapiga kwa mwavuli. Kumbebea mwenzao kuliwashinda, eti ni aibu. Nimeishi miaka mingi na nimeona watu wa kila aina, na mpaka leo sijui kama nawadharau zaidi watu wa veranda au watu wa benchi. Watu wa veranda angalau hawakuwahi kula kwangu. Nilimwambia Ambilikile, "Mbona mimi nabeba kuni kutoka mlimani? Fimbo zako zina uzito gani?" Sheria haikusema kedi awe mwanamume. Nikasokota ngata ya kanga kuukuu, nikauweka mfuko wa fimbo kichwani, umelala kama tita la kuni, na hivyo ndivyo tulivyoenda Iringa.

Iringa tulifikia kwa Bi Zuhura, mjane wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani, aliyekodisha chumba cha uani karibu na soko. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha la mbao lililopiga kelele usiku kucha kwa ule upepo wa Iringa. Alitupikia wali wa nazi akilalamika kwamba nazi zinazofika huko kwa lori zimezeeka kuliko yeye. Aliniangalia nikisokota ngata yangu.

"Mwanangu, hizo fimbo za kumpigia nani?"

"Za kupigia mpira, Bibi. Mdogo, kama yai."

"Na mpira ukishapigwa?"

"Wanaufuata."

"Halafu?"

"Wanaupiga tena."

Bi Zuhura akaongeza wali kwenye sahani yangu. "Kula, mama. Hao watu wametawala nchi nzima, na hili ndilo walilokuwa wanalikimbilia." Sijasikia mtu akiueleza ukoloni vizuri zaidi.

Kabla ya mchezo tulipita kuiona ile nyumba. Ilikuwa ya matofali, vyumba viwili, madirisha ya vioo, jiko lenye bomba la moshi. Nilichungulia ndani nikaona sakafu ya saruji, nikaanza kupanga kitanda kitakaa wapi. Ambilikile alisimama mbali, hakutaka kuigusa. Siku ile uwanjani walimpanga na Kaburu mmoja wa Afrika Kusini, mnene, ambaye mimi nilimwita Kiriba kwa jinsi tumbo lake lilivyocheza alipotembea. Wengine walikuwa wachezaji kweli, na Ambilikile aliniambia hivyo mwenyewe kwa furaha, kwamba hajawahi kuona mikono kama ile. Hao hakuwafikia, wala hakukaribia. Kiriba alikuwa wa kiwango chake. Alicheza akiwa na chupa ndogo ya fedha mfukoni, akalalamikia jua, upepo, na mwanamke mwenye mzigo kichwani, kwamba kivuli changu kinamsumbua. Jioni ile wa mwisho, wenye mapigo mengi kuliko wote, walikuwa hao wawili, sawasawa.

Jumamosi iliyofuata, Mbeya, ukungu ulikawia kuondoka na nyasi zilikuwa baridi kama chuma. Walipangwa pamoja tena. Shimo hili anatangulia huyu, shimo lile anamfikia yule. Mchana watu wetu walikuwa wamejaa nyuma ya kamba, wengine kutoka Mwanjelwa, wengine kutoka mashambani, kwa sababu habari ilienea kwamba mtu mweusi anacheza na Wazungu na hajafukuzwa. Tulifika shimo la mwisho. Kiriba alimaliza kwanza, vibaya, akatupa fimbo chini. Mpira wa Ambilikile ulikuwa tayari kwenye mchanga wa oili, mbali kidogo na shimo. Akiuingiza kwa mapigo mawili amemshinda Kiriba kwa pigo moja, na nyumba ni yetu. Hilo nililijua, kila mtu alilijua. Alikuwa amenitangulia kufika mchangani na mkononi ana fimbo ya chuma, isiyofaa kazi ile. Fimbo ya kusukumia ilikuwa kichwani kwangu.

Njia ya kufika pale ilikuwa moja, nyembamba, kati ya mfereji na ile kamba. Na kwenye kamba, mahali nilipotakiwa kupita, alisimama baba mkwe wangu.

Hatukumwita. Alisikia huko Rungwe, akapanda lori la mkaa akaja kumwangalia mwanawe. Kwa asiyejua mila yetu Wanyakyusa, niseme: mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamwangalii, hasemi naye, hakai naye chini ya paa moja, hata jina lake halitamki. Wakikutana njiani mwanamke anaacha njia, anaingia porini, anainama mpaka apite. Huku ni kumheshimu, na tangu niolewe sikuwahi kuuona uso wa mzee yule. Nilimtambua kwa koti lake kubwa la jeshi ambalo mume wangu alinisimulia. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikageuka, nikapiga magoti pembeni ya mfereji, mzigo kichwani, kanga usoni.

"Nafanya nini huyo mwanamke?" ilikuwa sauti ya Mapafu kutoka verandani. Ambilikile alimwona baba yake, akaniona mimi, akaelewa. Akaanza kunifuata. Mapafu akapaza: "Kama wewe ondoka kwenye mchanga, mimi natoa wewe. Kedi nakuja. Hapana wewe nakwenda." Sijui kama kulikuwa na sheria kama hiyo. Naamini aliitunga pale pale, kama mtu anayepasua kuni. Lugano alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu. Yeye peke yake kati ya makedi alijua hasa kwa nini nimepiga magoti. Angeweza kunyoosha mkono, akachomoa fimbo moja, akampelekea. Nilimwangalia kupitia pindo la kanga. Alikuwa anatabasamu, mikono nyuma.

Nikasikia Wazungu wakianza kucheka. Nikachungulia kidogo. Mzee alikuwa amelivua koti lake la jeshi na kulifunika kichwani lote, akachuchumaa akageukia watu wa nyuma, mgongo kwangu, kama mtu anayejikinga na mvua ya mawe. Jana yake alikuwa ametembea na kupanda lori siku nzima ili aone pigo lile, naye akajifunika asilione, ili mimi nipite. Nikainuka. Hata hivyo nilipita karibu mno kuliko inavyoruhusiwa, nikasikia pumzi yake ndani ya koti. Mke wa Mapafu, aliyesimama karibu na mchanga, akaniambia kwa huruma nilipompita, kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Mzee nalia. Naogopa mtoto yake nashindwa." Ungeanzia wapi kumweleza.

Ambilikile alichukua fimbo bila kuniangalia. Pigo la kwanza mpira ulisimama karibu na shimo. La pili ukaingia. Watu wa kamba walipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia Mbeya, na mimi nilisimama na mzigo wangu nikiwaza mapazia.

Matokeo yalisomwa verandani baada ya wao kwenda ndani na kukaa muda mrefu kuliko hesabu ile ilivyohitaji. Mapafu alisoma majina kuanzia juu. Jina la mwisho lilikuwa Ambilikile. La Kiriba halikuwepo. Mume wangu akauliza, kwa adabu, Bwana yule mwingine yuko wapi katika kusoma. Mapafu akasema amejitoa. Alikuwa na tumbo tangu asubuhi, ametoa taarifa, na mtu aliyejitoa hahesabiwi.

"Bwana, nimecheza naye mpaka shimo la mwisho."

"Wewe nacheza peke yako. Yeye natembea tu."

Kiriba mwenyewe alikuwa amekaa palepale na sahani ya soseji na bia, tumbo lake linapokea vizuri tu. Wale wachezaji wa kweli, wenye mikono ambayo mume wangu aliihusudu, walikuwa wameketi meza moja naye. Walikuwa wameona kila kitu. Mmoja aliangalia ndani ya glasi yake, mwingine akawasha sigara. Bwana shauri kijana alikuwepo pia, na kufikia mwezi ule alikuwa amekwisha kufundishwa. Na Lugano alishangilia pamoja na makedi wenzake, kwa sababu Jumatatu wangekuwa sawa tena.

Jioni baba mkwe alikula kwetu. Mimi nilikuwa jikoni, kibanda cha mabanzi kilichojitenga na chumba, nikapika kuku na ndizi, na Ambilikile akaja kuchukua sahani mlangoni. Nilisikia kila neno, maana mabanzi hayakukutana.

"Umekuwa wa ngapi?" mzee akauliza.

"Wa mwisho, baba."

"Na yule mwenye tumbo?"

"Wamesema hakucheza."

Mzee akatafuna. "Mimi nilijifunika mwisho tu," akasema. "Asubuhi macho yangu yalikuwa wazi. Nimemwona akicheza, tena vibaya." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesema na ukuta, kwamba atatoa yeye mwenyewe jogoo wa kusafisha kosa la leo, mkamwana asiulizwe kitu na mama zake wakwe, na kuku ameiva vizuri. Hayo ndiyo maneno ya pekee aliyonipelekea maisha yake yote. Alikufa masika yaliyofuata, na sikuwahi kuuona uso wake.

Ambilikile alirudi kubeba fimbo Jumatatu. Mimi nilimwambia asirudi. Akanijibu kwamba aliahidi mbele ya watu kuwa akiwa wa mwisho atarudi na kufunga mdomo, na hesabu yao imesema ni wa mwisho. Nikamwambia hesabu yao ni ya wezi. Akasema, "Wao ni wao, Tupo. Mimi nilisema nimesikia." Nilikasirika naye juma zima. Katika wote waliokula na kunywa na kutoa neno katika mashindano yale, yeye peke yake ndiye aliyelipa alichoahidi, na alikilipa kwa watu wasiostahili kudaiwa hata salamu. Kazi ya Iringa na ile nyumba ya vioo, mvua zilipoanza, walimpa Kiriba, ambaye hakucheza.